Wanaojitolea Wikipedia Wanavyoamua Ugomvi Wao

Wikipedia ni kamusi elezo ya intaneti inayoandikwa na watu wanaojitolea. Ilizinduliwa Marekani tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na sasa ina matoleo ya lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwemo tangu mwaka 2003. Toleo la Kiingereza peke yake limepita makala milioni 7. Karibu makala zote ziko wazi: msomaji anabonyeza "hariri", anabadili sentensi, anahifadhi, na badiliko linaonekana papo hapo bila kupita kwa mhariri mkuu. Watu wengi namna hiyo wakigusa maandishi yale yale, kugongana hakukosekani. Mmoja anaandika kwamba jenerali fulani alikuwa mkombozi, mwingine anafuta na kuweka muuaji, na kabla ya jua kuzama wameshatukanana.

Ugomvi wa aina hii hauna bwana wa kuumaliza. Hakuna mwajiri wa kukata mshahara. Wengi wa wagomvi hawajawahi kuonana, na wengi hutumia majina ya kubuni. Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 2003, hutunza seva na kukusanya michango, lakini kwa kawaida haliamui makala iseme nini. Ilibidi wanaojitolea wenyewe wajitungie taratibu, na taratibu hizo zimejengwa juu ya kutenganisha maswali mawili. La kwanza ni makala iandikwe vipi. Hilo huachiwa jumuiya nzima. La pili ni watu waenende vipi wanapobishana. Hilo, likishindikana, lina hakimu.

Ugomvi unapoanzia

Kila makala ina kurasa mbili ambazo msomaji wa kawaida hazifungui. Wa kwanza ni ukurasa wa historia, unaotunza kila toleo la makala tangu siku ilipoanzishwa, pamoja na jina la aliyebadili, tarehe na saa. Wa pili ni ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri huandika hoja zao na kutia sahihi. Kurasa hizi mbili ndizo msingi wa haki yote inayofuata, kwa sababu hakuna anayeweza kukana aliloandika. Mtu anayedai ametukanwa haelezi tu kwa maneno. Anaweka kiungo kinachoonyesha tusi lenyewe na dakika lilipoandikwa.

Desturi ya kwanza ni rahisi. Mtu anabadili makala, asiyekubali anatengua, baada ya hapo wote wawili wanapaswa kuacha makala na kuhamia kwenye majadiliano. Huko hoja hupimwa kwa kanuni zinazojulikana: makala isiegemee upande, kila dai lithibitike kwa chanzo cha kuaminika, na mhariri asichomeke utafiti wake mwenyewe. Kusema "mimi nimezaliwa huko, najua" hakumsaidii mtu. Kitabu au gazeti linaloeleweka ndilo linalosaidia.

Wasipohamia, huzuka kile kinachoitwa vita vya kuhariri: huyu anatengua, yule anarudisha, usiku kucha. Mwaka 2004 toleo la Kiingereza lilianza kutoa adhabu kwa jambo hilo. Atakayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa akaunti, mara nyingi kwa siku moja kwanza. Kanuni hiyo haiulizi nani alikuwa na hoja nzuri. Mwenye haki akivuka mpaka anafungiwa sawa na mkosa, kwa kuwa kosa lililoadhibiwa ni kupigana.

Mjadala nao haumalizwi kwa kuhesabu vichwa. Kinachotafutwa ni maafikiano. Mjadala mkubwa ukikaribia mwisho, mhariri ambaye hakushiriki huusoma wote, hupima uzito wa hoja dhidi ya kanuni, kisha huandika hitimisho. Watu kumi waliosema "naunga mkono" bila sababu wanaweza kushindwa na watatu walioleta vyanzo.

Kutoka herufi moja hadi jina la mji

Mtu wa nje anaweza kushangaa ugomvi wenyewe unahusu nini. Mwishoni mwa mwaka 2012 wahariri wa Kiingereza walibishana kama neno la tatu katika jina la filamu Star Trek Into Darkness liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo. Hoja zao zilifikia maneno kama 40,000, urefu wa kitabu kidogo, kabla ya kukubaliana Januari 2013 kwamba iwe kubwa. Makala ya mtindi nayo ilivutaniwa kwa zaidi ya miaka minane, wengine wakitaka jina lake la Kiingereza liandikwe kwa "h" (yoghurt) na wengine bila "h" (yogurt), hadi mwaka 2011.

Ugomvi wa Gdańsk ulikuwa wa uzito mwingine. Mji huo wa pwani ya Baltiki leo uko Poland, lakini kwa karne nyingi wakazi wake wengi walikuwa Wajerumani na waliuita Danzig. Jina likawa kama bendera: anayeandika Danzig alionekana anadai mji ni wa Ujerumani, na anayeandika Gdańsk alionekana anafuta historia ya Wajerumani. Wahariri walibadilishiana jina hilo katika makala nyingi, kuanzia za wanasayansi waliozaliwa mjini humo hadi za vita.

Mwaka 2005 jumuiya iliamua jambo lisilo la kawaida yake, yaani kupiga kura. Badala ya kuuliza jina lipi ni sahihi, waandaaji waliigawa historia ya mji katika vipindi na kila kipindi kikapigiwa kura yake. Matokeo yalikuwa kwamba mji uitwe Gdańsk kwa habari za kabla ya mwaka 1308, uitwe Danzig kati ya 1308 na 1945, na urudi kuwa Gdańsk baada ya 1945. Makala zinazogusa historia ya pamoja ya Wajerumani na Wapolandi zilitakiwa pia kutaja jina la pili mara ya kwanza mji unapotajwa. Hakuna upande uliopata ulichotaka chote, lakini kila mmoja alipata kanuni ya kumwonyesha mgeni anayekuja kuanzisha upya vita vile vile.

Maafikiano si ya milele. Makala ya mji mkuu wa Ukraine ilidumu kwa miaka mingi na jina Kiev, na maombi ya kulibadili yalikataliwa mara kwa mara. Septemba 2020 lilibadilishwa kuwa Kyiv, baada ya magazeti na mashirika makubwa ya habari ya Kiingereza kuanza kuandika hivyo. Kanuni ilikuwa ile ile ya kufuata matumizi ya vyanzo. Vyanzo ndivyo vilivyobadilika.

Ngazi za katikati

Majadiliano yakikwama, kuna ngazi za kupanda kabla ya kufika kwa hakimu. Wagomvi wakiwa wawili tu, wanaweza kuomba maoni ya mtu wa tatu asiyehusika. Suala likiwa kubwa, hutolewa tangazo la kuomba maoni ya jumuiya, ambalo kwa kawaida hukaa wazi siku 30 ili wahariri wa maeneo mengine wajitokeze. Ziko pia kurasa maalumu za kupeleka mashauri: moja ya kuuliza kama chanzo fulani kinaaminika, nyingine ya malalamiko kuhusu makala za watu walio hai, na nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2011, ya kusaidia pande zinazovutana zifikie mapatano.

Zamani ilikuwepo hata Kamati ya Usuluhishi, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 2003. Kazi yake ilikuwa kupatanisha, bila kumlazimisha mtu. Hapo ndipo ilipokuwa na udhaifu, kwa kuwa upande mmoja ukikataa kukaa mezani, shauri linakufa. Mashauri yalizidi kupungua, na mwaka 2018 kamati ikavunjwa.

Katika ngazi hizi wanaoonekana zaidi ni wasimamizi, ambao Wikipedia ya Kiswahili huwaita wakabidhi. Ni wahariri waliopendekezwa, wakahojiwa hadharani na kukubaliwa na wenzao, kisha wakapewa uwezo wa kufuta makala, kufunga ukurasa usihaririwe kwa muda, na kuzuia akaunti. Toleo la Kiingereza lina mamia ya watu hawa. Cheo hicho hakimpi mtu sauti kubwa zaidi kuhusu maudhui, na ni mwiko mkabidhi kutumia uwezo wake katika ugomvi ambao yeye mwenyewe ni mmoja wa wagomvi. Akiona mpinzani wake anavunja kanuni, anapaswa kumwita mkabidhi mwingine.

Kamati ya Uamuzi

Miaka ya mwanzo, mtu aliyeshindikana alifukuzwa na Jimmy Wales mwenyewe. Jumuiya ilipokua, kazi hiyo ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja, na ikaonekana pia si sawa kila hatima itegemee neno lake. Desemba 2003 Wales alitangaza kuundwa kwa Kamati ya Uamuzi ya toleo la Kiingereza, akateua wajumbe 12 wa kwanza, nao wakaanza kusikiliza mashauri Januari 2004. Baadaye wajumbe wakawa wanapatikana kwa uchaguzi unaofanyika kila mwaka. Siku hizi viti ni 15, muhula kwa kawaida ni miaka miwili, na tangu mwaka 2009 kura ni ya siri. Wajumbe hawalipwi, kama wahariri wengine wote.

Shauri huanza kwa ombi. Mlalamikaji anataja wahusika, anaonyesha njia zilizojaribiwa zikashindikana, na anaandika maelezo yasiyozidi maneno 500. Wahusika wengine wanajibu kwa kipimo hicho hicho. Wajumbe hupiga kura ya kulipokea au kulikataa. Ili lipokewe, wanaokubali lazima wawazidi wanaokataa kwa angalau wanne, au wawe zaidi ya nusu ya wajumbe wanaoshiriki. Mjumbe aliyewahi kugombana na mmoja wa wahusika anatakiwa kujiondoa.

Likipokelewa, hufunguliwa ukurasa wa ushahidi, na kwa kawaida ukurasa mwingine wa kujadili mapendekezo ya hukumu. Kila mwanajumuiya anaweza kuleta ushahidi, si wahusika peke yao. Ushahidi wenye siri za watu, kwa mfano vitisho vilivyotumwa kwa barua pepe, hupokelewa faraghani. Mwishoni wajumbe huandika uamuzi wenye sehemu tatu: kanuni zinazohusika, mambo yaliyothibitika, na hatua zitakazochukuliwa. Kila kipengele hupigiwa kura peke yake, hadharani, kikiwa na jina la kila mjumbe. Shauri zima huchukua majuma, pengine miezi.

Jambo moja kamati hailifanyi: haitoi hukumu kuhusu ukweli wa makala. Wahariri wakigombana juu ya mauaji ya kimbari, mpaka wa nchi au imani ya dini, kamati haisemi historia ilikuwaje. Inauliza nani alipotosha vyanzo, nani alitukana, nani aliita marafiki wamsaidie kushinda mjadala. Ikimaliza kuwaondoa au kuwadhibiti wavurugaji, maudhui yanarudi kwa jumuiya. Kama wajumbe 15 wangekuwa na neno la mwisho juu ya ukweli, kila kundi lenye ajenda duniani lingehangaika kukamata viti hivyo.

Hatua zenyewe zina viwango. Ya chini ni onyo. Inafuata marufuku ya mada: mtu anaruhusiwa kuandika chochote isipokuwa, tuseme, siasa za nchi fulani. Ipo marufuku ya kukutana, inayowakataza watu wawili kujibizana au hata kutajana. Mkabidhi anaweza kuvuliwa cheo. Ya juu kabisa ni kufukuzwa katika toleo zima. Shabaha inayotajwa ni kuzuia madhara yasiendelee, si kulipiza kisasi, na ndiyo maana mlango wa kurudi haufungwi daima. Desturi inayojulikana ni kumpa aliyefukuzwa nafasi ya kusikilizwa akikaa nje miezi sita bila kujipenyeza kwa akaunti nyingine, na akiahidi kutorudia.

Mwezi Mei 2009 kamati ilitoa uamuzi uliotangazwa na vyombo vya habari vingi. Makala kuhusu Kanisa la Scientology zilikuwa zimevurugwa kwa miaka na watetezi na wapinzani wake. Ilipobainika kwamba mabadiliko mengi ya kulisifu yalitoka katika mtandao wa kanisa lenyewe, kamati iliamuru anwani zake za intaneti zizuiwe kuhariri, na papo hapo ikawawekea marufuku ya mada baadhi ya wapinzani wakali.

Kuna mada zinazozusha ugomvi bila kukoma, kama vile mgogoro wa Israeli na Palestina. Huko kamati imeweka masharti ya kudumu. Kwa makala hizo, anayetaka kuhariri sharti akaunti yake iwe na siku 30 na awe ameshafanya mabadiliko 500 mahali pengine. Sharti hilo huwazuia wanaofungua akaunti asubuhi ili wapigane jioni, ingawa pia huwafungia nje wageni wenye nia njema.

Akaunti za bandia

Taratibu zote hizi zinaweza kuvunjwa na mtu mmoja anayejigawa. Anafungua akaunti tano, kila moja inaunga mkono nyingine, na maafikiano ya uongo yanazaliwa. Wahariri wachache walioaminiwa wamepewa uwezo wa kuangalia anwani za intaneti zilizotumiwa na akaunti zinazoshukiwa. Uwezo huo una mipaka: taarifa hizo hutunzwa siku 90 tu, kila uchunguzi huandikwa katika daftari ambalo wenzao hulikagua, na mtu hachunguzwi kwa sababu tu ana maoni yasiyopendwa.

Agosti 2015 uchunguzi wa aina hiyo ulifikia kuzuiwa kwa akaunti 381 zilizokuwa zikifanya kazi kwa pamoja. Wenye akaunti hizo walikuwa wakiwatafuta wafanyabiashara na wasanii ambao makala zao zilikataliwa, wakijifanya wahariri wenye mamlaka, kisha wakidai fedha ili makala zichapishwe au zilindwe. Waliofichua jambo hilo ni wanajumuiya wenyewe.

Nani mwenye neno la mwisho?

Juni 2019 Wikimedia Foundation ilimfungia kwa mwaka mmoja mkabidhi mzoefu wa toleo la Kiingereza kwa madai ya kunyanyasa wenzake, bila kuionyesha jumuiya ushahidi. Wengi walikiri kwamba mtu huyo alikuwa mkali. Hasira yao ilikuwa kwamba shirika lilikuwa limeruka ngazi zote. Wakabidhi zaidi ya 20 walijiuzulu vyeo vyao. Baada ya mvutano, shirika liliikabidhi Kamati ya Uamuzi shauri hilo, na Septemba kamati ikafuta adhabu hiyo lakini ikakataa kumrudishia cheo.

Kisa hicho kilikuwa na upande wa pili. Mtu anayenyanyaswa hawezi kila mara kuleta ushahidi wake mbele ya maelfu ya watazamaji. Bodi ya shirika hilo ilipitisha kanuni za maadili kwa matoleo yote Desemba 2020, na mwaka 2024 ikachaguliwa kamati ya kimataifa ya kuzisimamia pale ambapo jumuiya ya lugha imeshindwa.

Jumuiya kushindwa si jambo la kudhaniwa tu. Matoleo mengi hayana Kamati ya Uamuzi. Katika toleo la Kikroatia, kundi dogo la wakabidhi wenye itikadi kali za utaifa lilishika usukani kwa takriban mwongo mmoja. Walipamba utawala wa kifashisti wa Ustaše wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakawafungia waliopinga, na walipolalamikiwa, malalamiko yaliishia mikononi mwao wenyewe: kesi ya ngedere akaamua nyani. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasitegemee toleo hilo. Kundi lilivunjwa mwaka 2020 kwa msaada kutoka nje, na ripoti iliyotolewa mwaka uliofuata ilithibitisha upotoshaji huo. Mwaka 2021 pia shirika liliingilia toleo la Kichina, likafukuza wahariri saba na kuwavua vyeo wakabidhi 12.

Toleo la Kiswahili ni dogo zaidi, na wakabidhi wake ni wachache. Mashauri huletwa katika ukurasa wa jumuiya au wa majadiliano ya makala, na wanaoamua mara nyingi wanafahamiana. Ukaribu huo huharakisha mambo, lakini wakabidhi wakigombana wao kwa wao, ngazi ya juu yao ni wasimamizi wa kimataifa wanaohudumia matoleo yote, wengi wao wasiojua Kiswahili.

Kuhama nyumba, na jumuiya nyingine

Wasiokubali uamuzi wana njia ya mwisho: kuondoka na kazi waliyoifanya. Leseni ya Wikipedia inamruhusu yeyote kunakili makala zote na kuanzisha kamusi yake. Februari 2002 wahariri wengi wa Kihispania, wakihofia kwamba matangazo ya biashara yangeletwa, walihamia Chuo Kikuu cha Sevilla na kuanzisha Enciclopedia Libre. Toleo la Kihispania lilidorora kwa muda, na Wikipedia haina matangazo ya biashara hadi leo. Uwezekano huo wa kuhama huwafanya wenye mamlaka wasikilize.

Watengenezaji wa programu huria wamepita njia zinazofanana. Mradi wa Debian ulipitisha katiba yake mwaka 1998, yenye kamati ya kiufundi na kura ya wanachama wote. Februari 2014 kamati hiyo iligawanyika wanne kwa wanne kuhusu programu ya kuwashia mfumo wa kompyuta, na kura ya mwenyekiti ikaamua. Baadhi ya waliokataa wakaanzisha mradi wao, Devuan. Lugha ya programu ya Python iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, hadi Julai 2018, alipojiuzulu akiwa amechoshwa na ubishi mkali. Wanajumuiya walichagua baraza la watu watano kushika nafasi yake.

Taratibu za Wikipedia zina kasoro zinazoonekana. Ni za polepole, kanuni zake ni nyingi kuliko mgeni anavyoweza kusoma, na mwenye muda mwingi wa kubishana humshinda mwenye hoja nzuri aliyechoka. Hata hivyo zimeiwezesha jumuiya ya watu wasiolipwa na wasiojuana kuendelea kuandika pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Toleo la Kikroatia nalo lilikuwa na kanuni na wakabidhi. Kilichokosekana ni mahali pa kumshtaki mkabidhi. Kundi lolote la kujitolea, liwe la mtandaoni au la mtaani, na lijiwekee mapema kumbukumbu zilizo wazi, ngazi za rufaa, na mwamuzi asiye mmoja wa wagomvi. Kuyatafuta hayo baada ya ugomvi kuzuka ni kuchelewa, kwa sababu kila pendekezo litakuwa tayari limeshaonekana ni la upande mmoja.